Mazungumzo hayasikiki, tangazo linafoka: kusawazisha sauti ya TV iliyofungwa homu thieta

Mama mmoja wa Tabata alinipigia simu akaniambia, "Fundi, spika ya katikati imekufa. Njoo na nyingine." Nilifika jioni. Sebule nzuri: vigae chini, jipsamu juu, TV ya inchi 55, homu thieta ya spika tano na sabufa yake. Akawasha filamu nione mwenyewe. Watu wawili wameketi mezani wanaongea, midomo inacheza, maneno hayafiki. Akapandisha sauti hadi 40. Maneno yakaanza kueleweka, mara gari likalipuka, na mjukuu aliyekuwa amelala chumba cha pili akaamka akilia. Akashusha hadi 15. Akahamia kwenye king'amuzi kutafuta taarifa ya habari, msomaji hasikiki. Akapandisha tena, likaingia tangazo la sabuni, vioo vya kabati vikatetemeka. "Mwanangu," akaniambia, "mimi siangalii TV siku hizi. Ninaangalia rimoti."

Spika ya katikati ilikuwa nzima. Ilikuwa ndani ya kabati, nyuma ya mlango wa kioo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa vimepangwa vikombe vya harusi. Sabufa ilisukumwa kwenye kona na kitasa chake kimezungushwa hadi mwisho. King'amuzi chenyewe kilikuwa kimeshushwa sauti hadi nusu, na hakuna aliyekumbuka ni nani alikishusha. Tulikaa saa moja na nusu, hakununua kitu, na mtoto akalala.

Ninachotaka ushike tangu mwanzo ni hiki: watu wengi hupima mtambo kwa mshindo na besi. Mtambo wa sebuleni hupimwa kwa sauti ya mtu anayeongea. Ukishaiweka sauti ya mtu mahali pake, milipuko, nyimbo na matangazo unavipanga kuizunguka. Ukianza na besi utashika rimoti maisha yako yote.

Kwa nini sauti hupanda na kushuka

Sababu ya kwanza haiko nyumbani kwako. Filamu huchanganywa sauti kwa kipimo cha ukumbi wa sinema, ambako mtambo hurekebishwa kwa desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), na spika moja kubwa hutakiwa iweze kufika desibeli 105 penye mshindo. Mazungumzo yako chini sana ya hapo, na mnong'ono uko chini zaidi. Ukumbini hilo halina shida kwa sababu kuna kimya. Sebuleni kwetu kuna feni, kuna friji, kuna bodaboda nje na jirani anatwanga. Mnong'ono unazama.

Tangazo hutengenezwa kinyume chake. Sauti zake zote hubanwa: palipokuwa chini hupandishwa, palipokuwa juu huzuiwa, mpaka kila neno linakaa karibu na dari. Ndiyo maana linaonekana kufoka hata kama kilele chake hakijazidi kilele cha filamu. Wenzetu waliliona tatizo hili. Umoja wa watangazaji wa Ulaya ulitoa pendekezo lake la R 128 mwaka 2010, kwamba wastani wa sauti ya kipindi uwe -23 LUFS, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyouhisi. Marekani ilipitisha sheria ya CALM mwaka huohuo wa 2010, na tangu Desemba 2012 matangazo ya TV za huko hayaruhusiwi kuzidi sauti ya kipindi yanamopita.

Lakini kila mtoaji ana kipimo chake. Netflix hutaka mazungumzo ya filamu zake yakae -27. Nyimbo nyingi za YouTube husikika karibu na -14. Hapo kuna tofauti ya desibeli 13 au zaidi, na sikio la mtu huhesabu ongezeko la desibeli 10 kama sauti iliyokuwa maradufu. Kwa hiyo ukitoka kwenye filamu ukaingia kwenye wimbo bila kugusa rimoti, ni haki yako kuruka kwenye kochi.

Sababu ya pili ni aina ya sauti inayoingia kwenye mtambo, na ya tatu ni jinsi mtambo ulivyofungwa. Hizo mbili ziko mikononi mwako, na tutakwenda nazo kwa mpangilio. Usiruke hatua, kwa sababu kila moja inategemea iliyotangulia.

Hatua ya 1: Sauti ipandishwe na kushushwa mahali pamoja tu

Nyumba nyingi zina vitasa vitatu vya sauti: cha king'amuzi, cha TV na cha homu thieta. Kila mwanafamilia anashika rimoti iliyo karibu naye. Mmoja ameshusha king'amuzi, mwingine amepandisha homu thieta ili kufidia, wa tatu akifungua YouTube ambayo haipiti kwenye king'amuzi, nyumba inatikisika.

Pandisha sauti ya king'amuzi hadi mwisho, uiache hapo. Kama king'amuzi kimeungwa kwa zile nyaya za nyekundu na nyeupe na ukasikia sauti inakwaruza, shusha kidogo mpaka mkwaruzo uishe. Simu unayounganisha kwa bluetooth nayo iwe juu kabisa. Spika za TV zizimwe kwenye menyu, maana zikilia pamoja na homu thieta maneno yanasikika mara mbili na kuvurugika. Kuanzia sasa rimoti ya sauti ni ya homu thieta peke yake. Rimoti ya king'amuzi ni ya kubadilisha chaneli. Kama una watoto, waeleze. La sivyo kesho utarudi mwanzo.

Hatua ya 2: Chungulia waya

Angalia nyuma ya TV uone ni waya gani unapeleka sauti kwenye homu thieta.

Nyaya mbili, nyekundu na nyeupe, hubeba stirio tu, yaani kushoto na kulia. Haijalishi sanduku limeandikwa spika ngapi. Seti nyingi za madukani zilizoandikwa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, hupokea nyaya hizo mbili na kugawa sauti ileile kwenye spika zote tano. Si vibaya, ila usitegemee mazungumzo yakae katikati na mvua ikunyeshee mgongoni.

Waya mwembamba unaotoa mwanga mwekundu kwenye ncha, ule wa optiko, hubeba Dolby Digital ya 5.1, yaani sauti ya kidijitali yenye njia yake kwa kila spika. Waya wa HDMI nao hubeba, ila lazima uingie kwenye tundu la TV lililoandikwa "ARC" au "eARC". Tundu la pembeni yake haliwezi kurudisha sauti kutoka kwenye TV hata ukilibembeleza. ARC ilianza mwaka 2009, kwa hiyo TV ya zamani kuliko hapo haina.

Kisha fungua menyu ya sauti ya TV, utafute palipoandikwa "Digital Audio Out" au maneno yanayofanana na hayo. Utakuta PCM, Auto, Bitstream au Dolby Digital. Hapa ndipo ulipo mruko mkubwa wa sauti unapobadilisha chaneli, na watu wachache wanaujua.

Sauti ya Dolby Digital husafiri na namba ndani yake inayoueleza mtambo mazungumzo yako chini kiasi gani, kati ya -1 na -31. Mtambo husoma namba hiyo na kushusha sauti mpaka mazungumzo yafike -31. Kipindi chenye namba -27 kinashushwa desibeli 4. Stirio ya kawaida, ile PCM, haina namba hiyo, kwa hiyo inapita kama ilivyo. Chaneli ya filamu ikitoka kwa Dolby na chaneli ya habari kwa stirio, ya pili itakurukia hata kama zote mbili zimetengenezwa kwa uangalifu.

Dawa ziko mbili. Ukiweka PCM, TV yenyewe inafungua Dolby na kuitoa kama stirio, na mara nyingi mruko unapungua sana. Unapoteza sauti za nyuma. Katika nyumba ambamo kinachotazamwa zaidi ni habari, mpira na tamthilia, naweka PCM na sijawahi kuombwa niirudishe. Kama mwenye nyumba ni mtu wa filamu na spika zake za nyuma ziko mahali pake, naacha Dolby. Kisha naingia kwenye menyu ya homu thieta kutafuta palipoandikwa "Input Level" au "Source Level", nalinganisha king'amuzi na vifaa vingine. Si kila mtambo una menyu hiyo. Amplifaya kubwa nyingi zinayo.

Jambo moja la kuangalia hapa: kama homu thieta yako haina spika ya katikati, au umeihamishia chumbani, hakikisha menyu inajua hivyo. Tafuta orodha ya spika, na kwenye "Center" weka "None". Usipofanya hivyo mtambo utaendelea kupeleka mazungumzo kwenye spika isiyokuwapo, nawe utasikia muziki na upepo bila maneno. Nimekuta hali hii mara nyingi kuliko nilivyokuta spika iliyokufa kweli.

Hatua ya 3: Spika ya katikati itolewe kabatini

Katika sauti ya 5.1 karibu mazungumzo yote hutoka kwenye spika ya katikati. Hiyo ndiyo inayobeba hadithi. Nayo ndiyo tunayoifunika kitambaa.

Itoe nyuma ya kioo. Iweke chini ya TV, ukingo wake wa mbele ulingane na ukingo wa meza. Ikirudishwa nyuma sentimita 20, ubao wa meza unarudisha sauti juu na maneno yanakuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya ndoo. Kama meza ni fupi, inyanyue kidogo kwa mbele, hata kwa vipande viwili vya raba, ili iangalie masikio na si magoti. Kitambaa ondoa. Nailoni ya dukani ondoa pia. Najua inazuia vumbi, lakini inazuia na herufi za "s" na "f", na herufi hizo ndizo zinazotofautisha neno na neno.

Spika mbili za mbele ziwe kushoto na kulia kwa TV, umbali uleule kutoka kochini. Za nyuma ziwe ubavuni mwa kochi, nyuma kidogo ya masikio, na juu kidogo ya kichwa. Nimeona nyumba nyingi ambamo za nyuma zimepangwa mbele pamoja na zile nyingine kwa sababu waya haukufika. Nunua mita kumi za waya. Ukishindwa kabisa, ni heri uzizime kuliko kuziacha mbele, kwa sababu zinatoa kelele za nyuma mahali panapotakiwa maneno.

Angalia rangi za nyaya: nyekundu kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi. Mitambo mingi hutumia rangi ya kijani kwa plagi ya katikati. Spika moja ya mbele ikigeuzwa waya, sauti iliyotakiwa kusimama katikati yake na mwenzake inatawanyika na besi inapotea, na hakuna kitasa kitakachoirudisha.

Hatua ya 4: Linganisha spika kwa masikio na kwa simu

Kama mtambo wako ulikuja na kipaza sauti kidogo chenye waya mrefu, una bahati. Amplifaya za Denon na Marantz huja na Audyssey, za Yamaha na YPAO, za Pioneer na MCACC. Kazi ni moja: mtambo unatoa milio, kipaza kinasikiliza, namba zinapangwa zenyewe. Zima feni. Chomoa friji kwa dakika kumi. Funga dirisha, subiri bodaboda ipite. Usikishike kipaza mkononi. Kiweke mahali kichwa chako kinapokaa, kwenye kimo cha masikio, hata juu ya mito uliyoipanga. Kisha toka mbele ya spika.

Kama huna kipaza, fanya kwa mkono. Kwenye menyu tafuta "Test Tone". Kila spika italia kwa zamu, shshshsh, kama mvua kwenye bati. Pakua kwenye simu programu ya kupima desibeli, weka kipimo cha C na mwendo wa polepole kama zipo, keti kochini, simu kwenye kimo cha sikio. Pandisha sauti mpaka spika ya kushoto isome takriban 75. Kisha rekebisha kila spika, kwenye menyu ya "Level", isome namba hiyohiyo. Simu si kipimo cha maabara na huenda 75 yake ikawa 71 ya kweli. Haidhuru, tunachotafuta hapa ni usawa kati ya spika na spika.

Umbali wa spika ukiulizwa, pima kwa futikamba kutoka kwenye spika hadi kichwani, uandike ukweli. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mita moja ni kama sehemu tatu za elfu za sekunde, na mtambo hutumia namba hizo kufanya sauti zote zikufikie pamoja.

Zikishalingana, sasa vunja usawa kwa makusudi: pandisha spika ya katikati desibeli 2 au 3. Hiyo peke yake ndiyo iliyomaliza nusu ya tatizo la yule mama. Usivuke 5 au 6. Ukivuka, watu wataongea kana kwamba wako chumba kingine na filamu.

Na kama kinachoingia ni stirio? Tafuta kitufe cha "Pro Logic II" au "Dolby Surround". Mtindo huu huchukua sauti zilizo sawa kushoto na kulia, ambazo mara nyingi ni maneno, na kuzipeleka katikati. Hapo nyongeza yako ya katikati inafanya kazi hata kwenye taarifa ya habari.

Hatua ya 5: Sabufa

Hapa naomba unisikilize, kwa sababu hapa ndipo ninapobishana na watu. Tumezoea kumjua mtu mwenye muziki kwa besi inayofika barabarani. Kwa muziki wa sherehe sawa. Kwa TV, besi iliyozidi ndiyo inayoua maneno: mngurumo mzito hufunika sauti iliyo juu yake kidogo, na sauti ya mwanamume anayeongea huanzia karibu na hezi 85, yaani mitetemo 85 kwa sekunde, jirani kabisa na sabufa. Unapandisha sauti usikie maneno, besi inapanda nayo, unazidi kukosa maneno.

Ivute sabufa itoke kwenye kona. Kuta mbili za kona pamoja na sakafu huiongezea nguvu ambayo hukuiomba. Usiitumie kama kigoda cha TV wala cha chungu cha maua. Kisha tafuta kipindi cha habari chenye msomaji mwanamume, weka kiganja juu ya sabufa wakati anaongea. Ukihisi inatetemeka kwa kila neno, ule mpaka kati ya sauti za sabufa na za spika nyingine umewekwa juu mno. Kitasa cha "Crossover" au "Frequency" kiwe hezi 80 kama spika zako ni kubwa. Kama ni zile ndogo za kiganja, anzia 120. Kikiachwa 200, nusu ya msomaji inatoka chini ya meza.

Baada ya hapo shusha kitasa cha sabufa mpaka usijue kama inalia, halafu pandisha nywele moja. Programu ya simu usiitumie hapa. Kipaza cha simu kinasikia besi vibaya. Amini kifua chako na vioo vya kabati. Vioo vikitetemeka, bado.

Hatua ya 6: Sasa ndipo uwashe kidhibiti cha usiku

Watu wengi huanzia hapa, halafu wanasema hakisaidii. Kinasaidia sana ukishapanga yaliyotangulia.

Kina majina mengi: "Night Mode", "Midnight", "DRC", "Dynamic Range", "Auto Volume". Kwa Audyssey kinaitwa "Dynamic Volume" na kina ngazi tatu. Kazi yake ni kama ya mtu mwenye subira aliyeshika rimoti kwa niaba yako: mnong'ono anaupandisha, mlipuko anaushusha. Kwenye sauti ya Dolby maelekezo hayo huandikwa tangu studio, kwa hiyo matokeo huwa mazuri. Lakini katika mitambo mingi ya zamani kitufe cha usiku hufanya kazi kwa Dolby tu. Ukiweka PCM ukabonyeza, hakuna kinachobadilika. Katika hali hiyo tumia kile cha TV.

Washa kimoja tu. Nimekuta nyumba ambamo "Auto Volume" ya TV imewashwa, na cha usiku cha homu thieta, na kile cha kwenye programu ya video. Vidhibiti vitatu vinagombana, na utavisikia vikigombana: msomaji akinyamaza kuvuta pumzi, kelele za nyuma zinapanda kama mtu anafungua mlango, akianza kuongea zinashuka. Sauti inahema. Ukisikia kuhema, kuna viwili vimewashwa, au kimoja kimewekwa ngazi ya juu mno. Anza na ngazi ya chini.

Kwenye YouTube gusa alama ya gia utafute "Stable volume". Kwenye Netflix, filamu ikiwa imeanza, fungua orodha ya lugha na sauti. Mara nyingi utakuta lugha ileile mara mbili, moja ina 5.1 na nyingine haina. Kama mtambo wako ni wa spika mbili na sabufa, chagua isiyo na 5.1. Badiliko hilo dogo limewahi kunirudishia mazungumzo ya filamu nzima.

Ukisikiliza taarabu au muziki wowote uliorekodiwa vizuri, kizime. Ganuni ikianza peke yake kabla ya fidla kuingia, ule upole wake ni sehemu ya wimbo. Kidhibiti kitaufanya uwe mkubwa kama kwaya nzima, na huo ni wizi.

Chumba chenyewe

Piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio unaolia "trrr" baada ya kofi, vigae, jipsamu na vioo vinarudishiana sauti. Mwisho wa kila neno unapanda juu ya mwanzo wa linalofuata, nawe unapandisha sauti ukidhani ni ndogo. Zulia au hata mkeka mzito kati ya TV na kochi, pazia zito dirishani, makochi ya kitambaa. Vitu hivyo huongeza uwazi wa maneno kuliko spika mpya, na bibi yako anaweza kuwa navyo tayari sandukuni.

Filamu zilizotafsiriwa

Swali hili naulizwa kila wiki. Filamu za flashi zenye mtu anayesimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili: msimuliaji anafoka, filamu inanong'ona, kisha akinyamaza filamu inafumuka. Sauti hizo mbili zimeshakorogwa pamoja kwenye stirio, na hakuna kitasa kinachoweza kuzitenganisha. Ondoa desibeli ulizoongeza kwenye spika ya katikati, washa kidhibiti cha usiku cha TV ngazi ya kati, zima mtindo wa kuzungusha sauti (ile Pro Logic II au Dolby Surround) ubaki na spika mbili za mbele. Itatulia, ingawa haitakuwa tambarare. Na filamu ya flashi ikionyesha picha bila sauti kabisa, mara nyingi sauti yake ni DTS, mfumo mwingine wa sauti kama Dolby, na TV yako haiujui. Tafuta nakala nyingine, usifungue spika.

Maneno yasipoendana na midomo, hilo ni tatizo jingine: tafuta "AV Sync" au "Audio Delay" kwenye menyu, sogeza kidogo kidogo.

Hatua ya mwisho: jaribu, kisha andika

Chukua vitu vitatu: dakika mbili za taarifa ya habari, kipande cha filamu chenye mazungumzo na mshindo, na tangazo lolote. Weka sauti pale ambapo msomaji anasikika kana kwamba ameketi mbele yako, usiinue masikio wala usirudi nyuma. Usiguse tena rimoti. Nenda kwenye filamu. Maneno yakipotea, ongeza spika ya katikati desibeli 1. Mshindo ukikushtua, panda ngazi moja ya kidhibiti cha usiku. Tangazo likizidi, rudi kwenye "Input Level" kama unayo. Zunguka hivyo mara mbili tatu, na mtu mwingine akae kochini na kutoa maoni, hasa mzee au mama wa nyumba. Masikio ya fundi yamezoea kelele.

Kisha andika. Umeme ukikatika, homu thieta nyingi za bei ya chini husahau kila kitu na kurudi zilivyotoka kiwandani, na fundi hawezi kuitwa kila wiki. Kwa yule mama tulichukua kipande cha boksi la chai, tukaandika kwa kalamu ya wino mzito: king'amuzi mwisho, PCM, katikati +3, sabufa -4, usiku ngazi ya kwanza, habari 22, filamu 26, YouTube 14. Tukakibandika kwa selotepu ndani ya mlango wa kabati, nyuma ya vikombe vya harusi, mahali ilipokuwa spika.